Muhuri wa Mwamba wa Kunguru

Kulungu dume alinguruma tena huko bondeni, na Henrike akamshukuru kimoyomoyo, maana kwa robo saa nzima hakuna mwingine aliyekuwa amefungua kinywa. Mbele alitangulia baba yake, Burkhard Ahrend, bwana misitu mstaafu, na ile fimbo yake iliyogongomelewa vibati vya kila kilele alichowahi kukanyaga. Nyuma kabisa alikuja Onno, mwanamume aliyempenda, akipumua kama treni ya moshi inayopanda mlima Brocken. Henrike alikuwa katikati yao, na mahali pale alipazoea. Miaka miwili sasa alikuwa katikati yao.

"Unamsikia huyo, kijana?" mzee aliuliza bila kugeuka. "Anamwita mpenzi wake tangu alfajiri. Nyie watu wa tambarare mnaitanaje? Mnapungiana mikono tu, si ndiyo? Kwenu hakuna hata kichuguu cha kuwazuia msionane."

"Tunachemsha chai, Bwana Ahrend," Onno alijibu. "Mwenye mapenzi akisikia birika, anakuja mwenyewe."

Henrike alibana kicheko. Mabega ya baba yake yalitikisika kidogo, lakini mzee alijikohoza upesi, asije akaonekana amefurahi.

Onno Janssen alitoka pwani ya kaskazini, kijiji ambacho kitu kirefu kuliko vyote ni tuta la kuzuia bahari. Alikuja milima ya Harz kutengeneza kinanda kikubwa cha kanisa lao, kazi ya miezi minne. Henrike alikuwa kondakta kwenye treni ya moshi. Siku ya kwanza Onno alipanda bila tiketi kwa sababu alikuwa ameshangaa milima mdomo wazi, akasahau kwamba treni inalipiwa. Henrike alimtazama yale macho ya kijivu yaliyojaa mshangao, akasahau kumdai. Kinanda kilimalizika, kazi nyingine ikapatikana, Onno akabaki.

Ndipo siku moja, mezani, mbele ya sahani ya viazi, Onno akasema anataka kumuoa Henrike. Kisheria hakuhitaji ruhusa ya mtu. Henrike alikuwa na miaka ishirini na minane na akili zake. Lakini mama yake alishafariki, baba ndiye aliyebaki, na Henrike hakutaka kuolewa huku mzee amenuna kwenye benchi la nyuma. Burkhard alitafuna kiazi chake hadi mwisho, akaenda kwenye kabati, akarudi na kijitabu kidogo kisicho na kitu ndani.

"Visanduku vya mihuri viko mia mbili ishirini na viwili katika Harz yote," alisema. "Kwenye miamba, kwenye maziwa, kwenye mapango, kwenye magofu. Kila kimoja unakifikia kwa miguu yako na unagonga muhuri wake kitabuni kwa mkono wako. Kitabu kikijaa, wewe ni Kaizari wa Milima kama mimi. Ndipo uje tuongee habari za binti yangu."

Henrike alimfokea baba yake jioni ile. Onno wala hakufoka. Alikichukua kijitabu, akakitia mfuko wa koti, upande wa moyo.

Na leo, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kilikuwa na mihuri mia mbili ishirini na mmoja. Uliobaki ulikuwa juu, Brocken, kilele kirefu kuliko vyote. Ndiyo maana walikuwa wanapanda watatu.

Njia ilifuata mto Ilse. Maji yalishuka kwa kelele kati ya mawe makubwa yaliyofunikwa majani laini ya kijani, yakaruka, yakavunjika meupe, yakatulia kwenye vidimbwi vyeusi, yakaruka tena. Juu kidogo, misonobari mizee ilikuwa imesimama mikavu, imeliwa na wadudu. Henrike alipoiona mara ya kwanza alilia. Lakini sasa chini yake ilikuwa imeota mibetula midogo, miti ya gome jeupe, majani yamegeuka manjano, na vichaka vya matunda mekundu viliwaka jua lilipovipata. Onno alisimama.

"Jamani," alisema kwa sauti ya chini. "Kila nikija hapa nadhani nimeshapaona. Kumbe bado."

"Miguu imechoka, sema tu," mzee alisema. Hata hivyo alisimama naye, akaangalia alikokuwa anaangalia.

Walipofika kwenye benchi karibu na maporomoko, Burkhard alikaa, akatoa mkate na soseji kavu, akavaa miwani yake. "Haya. Lete kitabu."

Henrike alishtuka. "Baba, si tufike juu kwanza?"

"Kabla ya muhuri wa mwisho kitabu kinakaguliwa. Mimi mwenyewe nilikaguliwa. Lete."

Onno alikitoa. Kilikuwa kimechakaa vizuri, kona zimepinda, ndani ya jalada la plastiki. Mzee alianza kukifungua ukurasa kwa ukurasa, akinyonya meno. Kando ya kila muhuri kulikuwa na tarehe kwa penseli, kama ilivyo desturi.

"Ukuta wa Shetani. Ulipitia upande gani?"

"Kutoka mashariki, asubuhi. Jua lilikuwa nyuma yangu na yale mawe yamesimama kama meno. Nilitembea huku nimegusa mwamba kwa kiganja, ulikuwa umeshapata joto."

"Hm. Bonde la Bode?"

"Nilishuka kwa vile vijia vya kona kona. Mvua ilinipiga mpaka kwenye soksi. Sijawahi kuona maji yenye hasira vile."

"Daraja la kamba juu ya bwawa?"

"Hapo alilia," Henrike alichomekea.

"Sikulia. Upepo uliniingia machoni."

"Upepo! Ulinishika mkono mpaka pete ya mama ikaniachia alama."

Mzee alicheka waziwazi. Henrike alimtazama, moyo wake ukajaa. Hapa palikuwa na wanaume wawili anaowapenda kuliko watu wote, wanatazama kitabu kimoja, vichwa karibu kugusana. Kitabuni walipita mapango ya Rübeland, wakapita ziwa la juu lenye maji ya rangi ya chai, wakapita mji wa nyumba za mbao ambako Onno alisahau muhuri kwa kushangaa milango. Burkhard alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole chake kikasimama.

"Mwamba wa Kunguru," alisoma. "Tarehe kumi na nne Machi."

Henrike aliuweka mkate chini.

"Tarehe kumi na nne Machi," mzee alirudia polepole, "ni siku yangu ya kuzaliwa."

Henrike aliangalia mtoni. Maji yaliendelea na kelele zake.

"Siku hiyo wewe ulikuwa jikoni kwangu. Ulikuwa umeanguka kwenye ngazi ya kinanda, mguu ukateguka, ukaletwa na gari. Ulikaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, mguu juu ya kigoda, bendeji nene kama mto, unanimenyea viazi. Nakumbuka kwa sababu ulivimenya vibaya." Mzee alivua miwani. "Sasa Mwamba wa Kunguru ulifikaje, Bwana Janssen?"

Henrike alimtazama Onno. Onno hakumtazama. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu, na taya imekaza.

"Kitabu ni changu," alisema hatimaye. "Kosa ni langu."

"Sikukuuliza kitabu ni cha nani."

"Sina jibu lingine, Bwana Ahrend."

Burkhard alikifunga kitabu taratibu, na ule utaratibu wake ndio uliomuumiza Henrike. Heri angepiga kelele. "Miaka miwili," mzee alisema. "Nilikucheka ulivyohema, lakini nilijisemea, huyu angalau ni mkweli. Muhuri ambao hukuufuata kwa miguu yako ni uchafu kwenye karatasi. Basi. Hakuna haja ya kupanda. Tunarudi." Akaanza kufunga shanta lake.

Henrike alikuwa na miaka minane baba alipomrudisha kwa miguu kilomita nne, peke yao wawili kwenye theluji, kwa sababu alikuwa amemwomba baba amgongee muhuri, yeye mwenyewe abaki garini. "Kwetu hatugongeani," alimwambia. Alikua na maneno hayo. Kijitabu chake mwenyewe kilipojaa, baba alilia mbele ya watu. Akinyamaza sasa, atabaki binti wa Kaizari, na Onno atashuka mlima huu kama tapeli. Akisema, macho ya baba hayatamtazama tena vilevile. 

"Ni mimi," alisema.

"Henrike, acha," Onno alinong'ona.

"Siachi! Ni mimi, Baba. Ulinituma keki mjini. Nilikichukua kitabu kwenye koti lake bila yeye kujua, nikapitia Mwamba wa Kunguru, nikagonga. Nikakwambia kwenye duka la keki kulikuwa na foleni."

Mzee alikaa tena. Alionekana kama mtu aliyesukumwa. "Wewe?"

"Mimi. Daktari alisema wiki sita mguu usiguse mlima. Wiki sita, Baba! Nilichoka kusubiri. Nilichoka kuwahesabia nyie wawili mihuri kama vile mimi ni zawadi ya bahati nasibu. Nataka mume wangu, nataka nyumba yangu, na nataka wewe ukae mezani kwetu. Nikaona muhuri mmoja tu, nani atajua."

"Na ukaandika tarehe."

"Ndiyo."

"Tarehe ya kweli."

"Sasa ningeandika ipi?" Henrike alisema, machozi yanamtoka. "Umenilea niandike siku niliyofika. Mkono uliandika wenyewe!"

Mdomo wa mzee ulicheza, ukakaza tena. Alimgeukia Onno. "Ulijua lini?"

"Jioni ileile. Alinipa kama zawadi."

"Ukasemaje?"

"Tuligombana. Nilimwambia amenipunguzia hatua zangu. Hakuongea nami siku tatu."

"Nne," Henrike alisema huku anajifuta pua.

"Na sasa hivi ulishindwa nini kusema ni yeye? Nimekuita mwongo mbele yake."

Onno aliinua mabega yake mapana. "Nimchongee kwako binti yako mwenyewe, ili nimpate? Hapana, Bwana Ahrend. Hata kwa Brocken nzima, hapana."

Burkhard alimkodolea macho. Kisha akanyoosha mkono kumrudishia kijitabu, na kwa vile alikishika kwa jalada la plastiki, kitabu kikachomoka, kikaanguka kwenye majani nyuma kukiwa wazi. Mzee aliinama kukiokota. Hakuinuka mara moja.

Ndani ya jalada la nyuma, pale ambapo plastiki hufunika na hakuna mtu anayeangalia, kulikuwa na muhuri mmoja peke yake. Mwamba wa Kunguru. Na kando yake, kwa penseli: tarehe mbili Mei.

"Na huu?" mzee aliuliza.

Onno alijikuna shingo. "Huo ndio wangu. Bendeji ilipotoka tu, nilikwenda. Ukurasa wake ulikuwa umeshajaa, nikagonga pale."

"Onno!" Henrike alisimama. "Ulikwenda? Hukuniambia!"

"Ungejisikia vibaya, mpenzi. Na sikukwenda kukusuta. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kupaona." Uso wake ukalainika. "Nilikaa pale saa nzima. Bonde lote lilikuwa limeota majani mapya, na kunguru wawili walikuwa wanaangushiana kijiti hewani, mmoja anaachia, mwingine anadaka. Nilikukumbuka sana."

"Lakini tangu tumekaa hapa ulikuwa na muhuri halali mfukoni," mzee alisema. "Ungefungua nyuma tu, ukanionyesha."

"Ningekuonyesha wa pili, ungeniuliza wa kwanza kagonga nani."

Henrike hakungoja ruhusa ya mtu. Alimrukia Onno shingoni, akamkumbatia na shanta lake na jasho lake. Aliona raha na aibu kwa pamoja. Alikuwa amejaribu kumfupishia njia, kumbe mwenzake alikuwa ameirudia yote kimyakimya.

"Haya, haya," Burkhard alisema. "Mtaanguka mtoni. Twendeni."

"Chini?" Henrike aliuliza kwa woga.

"Chini kuna nini? Supu ya njegere iko juu."

Saa mbili zilizofuata walipanda bila maneno mengi, lakini kimya hiki kilikuwa kingine. Miti ilifupika, upepo ukapata meno, mawe yakawa makubwa. Kisha, kama kawaida ya Brocken, ukungu ukaja na kumeza kila kitu. Walipofika kileleni hawakuona hata mnara uliosimama pale juu. Onno alisimama kwenye ule weupe akatabasamu.

"Miaka miwili napanda nije kuona Ujerumani nzima," alisema, "na naona viatu vyangu."

"Ni viatu vizuri," mzee alisema. Alikuwa amesimama kando, ameegemea fimbo yake, na ghafla Henrike aliona jinsi alivyozeeka. "Kijana. Nina swali moja, na unijibu kama ulivyotembea. Utampeleka wapi?"

Henrike alielewa papo hapo. Kumbe mihuri yote mia mbili ishirini na miwili ilikuwa swali hilo moja. Mzee alikuwa hapimi miguu ya mtu. Alikuwa anavuta siku.

"Baba," aliita.

"Mwache ajibu. Nyumba ile ni kubwa. Tangu mama yako aondoke naisikia saa ya ukutani mpaka bustanini. Akikupeleka kwenye tuta lao huko, mimi nitabaki naongea na kulungu."

Onno alivua kofia. "Bwana Ahrend, ulinituma mwenyewe kwenye kila mwamba, kila ziwa na kila pango la Harz. Hakuna njia humu nisiyoijua kwa nyayo. Unadhani mtu akishapaona hivi, anaweza kurudi kuishi kwenye tambarare?" Alitabasamu kidogo. "Umeniharibu. Nimekodi karakana mjini tangu Agosti. Vinanda vya kanisa viko vingi huku, na vyote vinakoroma."

Mzee aligeuka upande wa ukungu, akapenga kamasi kwa nguvu kubwa.

Kisanduku cha muhuri walikipata kwa kupapasa. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi. Onno aliutoa muhuri, akamnyooshea Henrike kwa utani. "Unataka kunisaidia?"

"Wee! Sigusi muhuri wako tena mpaka nife."

Onno akaupulizia pumzi yake ya moto mara tatu, akagonga. Alama ilitoka imefifia, lakini ilitoka. Burkhard alikichukua kitabu, akafungua ukurasa wa Mwamba wa Kunguru, akaupiga mstari ule muhuri wa Henrike kwa penseli, mstari mmoja ulionyooka. Kisha akatoa mkono.

"Burkhard," alisema.

Onno hakuelewa. Miaka miwili hakuwahi kumwita mzee huyu isipokuwa Bwana Ahrend, na haikuwa juu yake kubadilisha. Kwao mkubwa ndiye anayetoa jina lake, siku akipenda, na asipopenda hatoi mpaka kaburini.

"Ndilo jina langu," mzee alisema. "Sasa niite hivyo."

"Onno," alijibu Onno, wakapeana mikono kana kwamba ndio kwanza wanakutana leo.

Kwenye ukumbi wa supu, mvuke ulifunika vioo na vidole vyao vikaanza kupata uhai. Burkhard alichakura kwenye shanta, akasogeza kitu kati ya sahani. Kilikuwa kijitabu kipya cha mihuri, kona zake bado kali.

"Cha nani tena?" Henrike aliuliza.

"Fungua."

Alifungua. Ukurasa wa kwanza, mahali pa jina la mwenye kitabu, baba yake alikuwa ameandika kwa herufi zake zilizosimama wima: Henrike na Onno. Chini yake, kwa wino na si penseli: Brocken, na tarehe ya leo. Henrike alipitisha kidole. Wino ulikuwa mkavu kabisa. Akakumbuka taa ya jikoni iliyokuwa inawaka asubuhi alipoamka, na baba yake akifunika kitu haraka kwa gazeti.

"Baba," alisema polepole, "umeandika tarehe kabla hujafika."

Shingo ya Kaizari wa Milima iliiva nyekundu mpaka kwenye nywele zake nyeupe.

"Kula supu yako," alisema, "inapoa."